Kumpima Fundi kwa Taa Inayowaka na Kuzimika

Katika gereji za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Katuba, hakuna kazi inayomtenga fundi na mbabaishaji kama sonda lambda, yaani kihisi cha oksijeni cha ekzosi, inayosumbua leo na kesho kutulia. Gari linatoka Likasi salama, njiani taa ya injini inawaka, na baada ya siku mbili imezimika yenyewe. Mbabaishaji anabadilisha kihisi, analipwa, na taa inarudi. Anayeijua kazi utamtambua kwa haya.

Huuliza kwanza. Taa huwaka lini? Kihisi hakisomi vizuri mpaka kipate joto la nyuzi 300 hivi, na kina hita ya kukisaidia. Kwa hiyo tatizo la injini baridi humpeleka kwenye hita, la baada ya mvua kwenye soketi, na la barabara yenye mashimo kwenye waya.

Haiabudu skana. Msimbo wa hitilafu P0135 unataja saketi ya hita; fyuzi iliyoungua inatosha kuuleta. P0171 unasema hewa imezidi petroli. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu imechoka, au ekzosi ina tundu kabla ya kihisi na inavuta hewa ya nje. Pengine kihisi kinasema kweli na wewe unataka kukitupa! Fundi mzuri pia hafuti msimbo kabla ya kusoma joto na mwendo ambavyo kompyuta ilivihifadhi hitilafu ilipotokea.

Anatikisa waya. Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Injini ikiwa moto, kihisi kizima cha zirkonia hupanda na kushuka bila kuchoka kati ya volti 0.1 na 0.9. Fundi anakazia macho mchoro wa skana huku mkono ukitikisa waya taratibu, kipande kwa kipande, kuanzia kwenye soketi. Mchoro ukikatika ghafla, mkono unasimama palepale. Mara nyingi atakuta plastiki imeyeyuka waya ulipogusa ekzosi, au pini imeota kutu ya kijani. Lakini tahadhari: Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina kihisi cha aina nyingine mbele ya katalisti, kisichofuata namba hizo. Anayekipima kwa 0.1 na 0.9 hajui anachokipima.

Anakitunza kihisi. Hapaki silikoni ya kawaida kwenye injini, maana mvuke wake huharibu kihisi. Hashiki ncha kwa mikono yenye grisi. Kikihitaji kubadilishwa, analinganisha namba ya kile cha zamani na kipya, na cha zamani anakukabidhi mkononi. Kihisi kilichochomolewa kwenye gari bovu hana haraka ya kukusifia, kwa kuwa umri wake haujulikani.

Anathibitisha. Kufuta msimbo si kutengeneza. Kama taa huwaka kwenye mtikisiko, mwende naye hadi Kipushi na kurudi, skana ikiwa imechomekwa.

Uchunguzi wa namna hii unakula muda, na muda huo ulipie bila kunung'unika. Fundi anayekwambia "sijaliona tatizo bado, niachie gari" mwamini kuliko yule anayekutajia bei ya kihisi kabla hajafungua boneti.