Ukaguzi wa Miti Mifupi

Modi ya mchezo wa kompyuta inayobishaniwa na vijana wa Kakuma na wenzao wa Lodwar inafanya jambo moja tu, kwa maelezo ya aliyeitengeneza: inafupisha miti. Msitu uliokuwa ukifunika nusu ya kioo unabaki vichaka vya kufika kiunoni mwa askari. Wanaoitumia wanasema inapunguza uzito wa mchezo kwenye laptopu kuukuu. Wasioitumia wanasema mwenye miti mifupi anaona kilichojificha, na anayeona zaidi ameshatangulia. Kabla ya mechi ya pande mbili, faili ililetwa kwa kijana mmoja wa Kakuma anayetengeneza laptopu, ambaye hata waliomzidi umri humwita fundi. Wakamwambia: tazama, halafu useme.

Mchezo wenyewe ni 0 A.D., wa kujenga miji na kuongoza majeshi ya kale. Ulianza mwaka 2001 kama wazo la kuugeuza Age of Empires II, ukakua ukawa mchezo kamili, na mwaka 2009 waundaji wake, Wildfire Games, wakauachia umma msimbo wake. Hauuzwi. Unanakiliwa kwa flashi na kuchezwa kwa waifai ya ndani bila bando, jambo linalowafaa sana watu wa huku. Tangu 2018 una Wakushi wa Meroe, huko Sudan ya kale, na Kakuma, ambayo kambi yake ilifunguliwa 1992 kwa wakimbizi waliotoka Sudan, haikosi wa kuwachagua. Kwa uwazi huo wa msimbo kila mtu anaweza kuugeuza mchezo. Kwa uwazi huohuo, kila mwenye subira anaweza kukagua kilichogeuzwa.

Fundi haanzi kwa kuiwasha modi. Anainakili kwanza, asili anaiweka kando asiiguse tena, kisha anaifungua nakala na kusoma majina ya folda. Hapo tayari kuna mengi. Mchezo huu umepangwa kwa vyumba: michoro kwake, sauti kwake, kanuni za vita kwake, vitufe na madirisha kwake, na programu ndogo za kutia mwanga na kivuli kwake. Modi hufanya kazi kwa kuweka faili yenye jina na njia ileile ya faili ya asili, na mchezo ukaisoma hiyo badala ya ya kwanza. Kwa hiyo modi ya miti inatakiwa kugusa chumba cha michoro peke yake. Ikiwa na faili katika chumba cha vitufe, huenda inampa mwenyewe msaidizi wa kuagiza askari bila kubofya. Ikigusa chumba cha mwanga, mashaka ni makubwa zaidi, maana ukungu wa vita, ule utando unaoficha sehemu ambazo jeshi lako halizioni, hupakwa huko.

Anafungua mod.json, faili fupi ya utambulisho. Jina, toleo, maelezo, halafu mstari mmoja ambao anausoma kwa sauti: unauomba mchezo usiihesabu modi hii unapolinganisha wachezaji kabla ya kuwaunganisha. Si kosa. Modi nyingi za michoro zina mstari huo ili mwenye miti mifupi aweze kucheza na mwenye miti mirefu. Ila maana yake ni kwamba mpinzani hataambiwa kitu, na ndiyo sababu fundi anapunguza mwendo hapo ambapo mwingine angeharakisha.

Kwa nini macho yawe na hatari kuliko nguvu? Katika michezo ya namna hii kompyuta hazitumiani mahali alipo kila askari. Zinatumiana amri tu, na kila moja inapigana vita vizima peke yake, zote kwa hatua moja. Wahandisi wa Age of Empires, Paul Bettner na Mark Terrano, walilieleza hilo mwaka 2001: modemu za simu za wakati wao zisingeweza kubeba habari za wapiga mishale 1,500. Ukijiongezea nguvu kwenye kompyuta yako, hesabu zako zinaachana na za mwenzako na mchezo unalalamika palepale. Lakini jeshi la adui, hata lile usiloruhusiwa kuliona, limo ndani ya kompyuta yako muda wote, limefunikwa tu. Anayelifunua hagusi hesabu hata moja. Wazee wa Kiturkana wanaocheza kwa kokoto na mashimo mchangani hawana taabu hii, kwa kuwa mali ya kila mmoja iko wazi mbele ya wote.

Chumba cha mwanga hakimo. Cha vitufe hakimo. Inabaki michoro, na michoro ndiyo kazi ndefu. Kila mti una umbo, una picha inayolivika umbo hilo, na una faili ya maandishi inayoviunganisha. Fundi anavipitia kimoja kimoja, cha asili kushoto, cha modi kulia. Picha anazitazama mara mbili, ya pili akiwa ameondoa rangi ili lionekane tabaka la uwazi peke yake, kwani ni tabaka hilo ambalo kwa askari huamua rangi ya mchezaji ikae wapi. Mtende, sawa. Mbuyu, sawa. Mwaloni, sawa. Mimi nilikuwa nimeshachoka alipoinua kidole. Katikati ya miti kulikuwa na picha isiyo ya mti: mwamba wa madini, uliopakwa rangi kali ya manjano. Huenda aliyeitengeneza aliipenda tu. Lakini mwamba unaong'aa hivyo unamwita mtu kutoka pembe ya mbali ya ramani, na kuwahi madini ni nusu ya vita. Akaifuta kwenye nakala, akaandika daftarini.

Ndipo akaiwasha. Mchezo huhifadhi kila mechi kama orodha ya amri, kwa hiyo vita vilevile vinaweza kurudiwa mara nyingi. Akairudia mechi moja ya zamani bila modi, akaisimamisha wapanda farasi walipokuwa msituni, akapiga picha ya kioo. Akairudia kwa modi, akasimama palepale, kamera palepale. Farasi waliojificha sasa walionekana hadi kwato. Kisha akawasha mpangilio wa mchezo wenyewe unaochora kivuli cha rangi cha askari aliye nyuma ya vitu, akalinganisha tena: pengo likapungua sana, halikwisha. Akajaribu kubofya. Mti mfupi ni mgumu kuulenga unapotuma wakata kuni, askari nyuma yake ni rahisi. Akawapitisha wapanda farasi kati ya miti, wakazunguka kama zamani, maana nafasi inayozibwa na mti imeandikwa kwenye kanuni, ambazo modi haikuzigusa.

"Kwa hiyo ni wizi, fundi?" akauliza kijana mmoja Mkongomani.

"Ngoja, kaka. Laptopu yako ya mwisho ilikuwa na kumbukumbu kiasi gani?"

Swali lilikuwa na uzito wake. Kwa kuwa kompyuta zote hutembea hatua moja, iliyo dhaifu huzichelewesha zote. Miti mirefu kwenye mashine kuukuu ni adhabu ya meza nzima. Kupiga modi marufuku kungemwondoa mwenye laptopu mbovu, na kuiacha bila sharti kungempa mwingine macho ya ziada. Hukumu yake ikawa mistari mitatu: modi itumike bila mwamba wa manjano, wote waitumie au wote waiache, kivuli cha rangi kiwashwe kwa kila mmoja.

Mimi ningekomea hapo. Yeye akaifunga upya nakala iliyosafishwa, akaipitisha kwenye programu inayotoa muhuri wa tarakimu na herufi 64, muhuri unaobadilika wote hata ikiguswa alama moja ndani ya faili. Akaituma Lodwar, halafu akapiga simu, wasomeane herufi sita za mwanzo na sita za mwisho. Laptopu tatu za kule zikasoma sawa. Ya nne ikasoma tofauti, na mwenye nayo akaapa hajagusa kitu.

"Sijasema umegusa," fundi akamjibu. "Nitumie hiyo yako niifungue."

Akavuta daftari, akaanza tena na majina ya folda.