Tazama Mdomo wa Changu

Ukitaka kumjua mvuvi wa mshipi, usianze na uzito wa tenga lake. Tenga zito linaweza kuletwa na bahati, au na siku ambayo hata mtoto angevua. Chukua changu mmoja kwenye mtungo wake, mfungue kinywa, utafute tundu la ndoano. Ukilikuta pembeni mwa mdomo, pale mataya mawili yanapokutana, umeshika kazi ya mtu anayejua. Ukilikuta kooni, matamvua yamechanika na damu imeganda, samaki huyo alijinasa mwenyewe na mvuvi alichelewa kupata habari.

Mshipi ni ufundi wa kugusa. Mwenye dema hutega leo akarudi kesho. Mwenye jarife hutandaza nyavu, akangoja. Mwenye mshipi ana uzi mmoja tu kati yake na samaki asiyemwona, na kila anachokijua kuhusu yanayotokea huko chini kinapita kwenye kidole cha shahada. Changu naye hana pupa. Huokota chambo chini, akakijaribu, akakiponda kwa magego aliyojaliwa kuvunjia kaa na konokono, ndipo akameza. Baina ya kuokota na kumeza kuna nafasi finyu, na ufundi wote umo humo. Ukikaza mapema, ndoano inarudi tupu. Ukichelewa, imeshazama tumboni. Mkono uliokomaa hukaza kwa kifundo tu, bila kuinua bega, na ndoano hushika ukingo wa mdomo samaki anapogeuka kwenda zake.

Kipimo hiki ni cha changu na jamaa zake wanaokula kwa utaratibu. Usimhukumu mtu kwa chewa, maana chewa hufungua kinywa akavuta chambo na maji kwa mkupuo mmoja, na hata hodari atamkuta amenaswa ndani. Na mtu akikuonyesha fungu kubwa la tasi akadai ni la mshipi, uliza mara ya pili. Tasi hula majani na mwani, chambo cha nyama hakimshughulishi sana, na wengi wanaofika sokoni wametoka kwenye dema. Mkague kwa tahadhari, miiba yake ina sumu.

Kazi hii niliiona ikifanywa kwa uzuri wake wote asubuhi moja ya kaskazi katika Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, nikiwa na rafiki yangu ambaye ameshika mshipi tangu utoto. Ghuba hiyo ni ya maji mafupi. Kusini kuna mikoko inayoungana na msitu wa Jozani, na mikoko na msitu vyote vimo katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004. Katikati kuna mabustani ya majani ya bahari, mabaka ya mchanga, na vichwa vya matumbawe hapa na pale. Changu hupenda sana mipaka: majani yanapokoma na mchanga ukaanza, jiwe linapochomoza katikati ya mchanga. Mvuvi anayetia nanga katikati ya majani mengi kwa kuwa mahali panapendeza bado hajaanza kujifunza.

Siku aliyoichagua ilikuwa ya maji mafu, na hilo lenyewe ni jambo la kumpimia mtu. Katika pwani ile, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kwenye saa nne. Tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na maji mengi kiasi hicho yakitoka na kuingia ghubani huleta mkondo unaoulaza mshipi. Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Maji huanza kujaa alfajiri, taratibu, yakafika mwisho wake kwenye saa nne asubuhi, na mshipi unasimama wima. Kwa mtu anayevua kwa kidole, mshipi uliosimama wima ni nusu ya kazi. Mshipi uliolala una tumbo katikati, na habari ya samaki huishia kwenye tumbo lile kabla haijafika mkononi. Kwa hiyo mvuvi anayekwambia ataondoka siku fulani, mwulize kwa nini siku hiyo. Jibu lake litakuambia mengi kuliko ngalawa yake.

Tuliondoka nyota bado zinaonekana. Tanga halikupandishwa, upepo ulikuwa wa kuchezesha majani tu, na rafiki yangu alisukuma kwa pondo huku mimi nikifua maji yaliyokusanyika tezini. Tulipokaribia mahali alipopataka, aliweka pondo chini kwa mikono miwili bila kugonga ubavu wa ngalawa. Nanga, jiwe lililofungwa kamba, aliiteremsha pole pole hadi ikagusa. Watu hudhani huo ni ushirikina wa wazee. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na pondo likigonga mbao juu ya maji ya pima mbili, kila samaki aliye karibu amesikia. Nikiwa pwani natazama vyombo vikitia nanga, huwa nafumba macho nisikilize. Chombo chenye kelele hakinipi tamaa ya kungoja mnada.

Kabla ya kushusha mshipi alitazama nchi kavu: mnazi mmoja uliopinda ulikaa sawa na paa la msikiti, na upande wa pili ncha ya mikoko ilifunika jiwe fulani. Mistari miwili hiyo ikikutana, umefika. Alama hizi haziandikwi popote. Mtu hurithi chache, nyingine akazitafuta kwa miaka. Siku hizi simu inaweza kukurudisha palepale, na sioni ubaya wowote, ila simu haikufundishi kwa nini pale.

Kisha tulivua. Samaki wadogo walianza: mdono mwepesi, wa haraka haraka, usio na uzito. Mimi nilitaka kukaza. “Waache hao, sahibu,” aliniambia kwa sauti ya chini, “wanaosha chambo tu.” Alikaa na uzi umelala kwenye kidole, amelegeza kiganja, na nilipomtazama usoni niliona kwamba hatazami maji kabisa. Mara kidole kikashuka kidogo, kama unyoya umetua juu yake. Akangoja. Uzi ukaanza kuondoka, kifundo kikageuka, na changu akapanda akiwa na doa lake jeusi ubavuni na ndoano pembeni mwa mdomo, pale pale. Aliyefuata alikuja vivyo hivyo, na aliyefuata pia, hadi nikaacha kuvua ili nimtazame yeye.

Jambo lililonikaa zaidi lilitokea jua lilipokwisha kupanda. Changu mmoja alikuja amemeza. Rafiki yangu hakusema kitu. Alimweka kando, akaushika mshipi wake na kuutazama unavyoingia majini, akaona umeanza kulala: maji yalikuwa yameongeza mwendo. Alitoa chubwi lile dogo, akafunga kubwa kidogo, akalegeza kamba ya nanga pima chache ili ngalawa irudi nyuma, juu ya ukingo wa mchanga. Samaki aliyefuata alinaswa mdomoni. Mtu wa kawaida huhesabu samaki amempata au amemkosa. Fundi husoma samaki aliyempata vibaya, akabadilisha kitu kimoja, kile hasa kilichohitajika, akaendelea.

Sasa vyombo vyenyewe, maana unaweza kuvikagua hata kama hukwenda baharini. Anza na ndoano. Iburute ncha yake juu ya ukucha wa gumba. Ikiteleza, ni butu. Ikikwama papo hapo, iko tayari. Mvuvi mzuri hufanya hivyo bila kufikiri kila anapotia chambo, na ana kipande cha tupa mfukoni. Ndoano huenda kwa namba, na namba ikipanda ndoano inapungua. Anayevua changu wa kiasi kwa ndoano kubwa kwa kutamani samaki mkubwa atalisha wadogo siku nzima, na anayetumia ndogo mno atawamezesha.

Chubwi linafaa liwe dogo iwezekanavyo, mradi tu lifike chini na likae. Kisha vuta kipande cha mwisho cha mshipi, karibu na ndoano, kati ya midomo yako. Midomo husikia mkwaruzo ambao macho hayauoni. Uzi uliokwaruzwa na matumbawe na bado haujakatwa na kufungwa upya ni ushahidi wa uvivu, na nailoni iliyokwaruzwa hukatika siku samaki wa maana anapokula. Tazama fundo. Liwe fupi, limebanwa likiwa bichi kwa mate, mkia wake umekatwa karibu.

Chambo nacho ni elimu. Kamba wabichi humvutia kila kiumbe, lakini nyama yao ni laini, na chaa na kikande huimaliza nyama hiyo wakati ndoano bado inashuka. Ngisi ni mgumu zaidi. Pweza ndiye mvumilivu kuliko wote: kipande chake chembamba, kilichochunwa ngozi na kudungwa mara moja tu ili kicheze na maji, hustahimili wezi wadogo hadi changu afike. Pweza wengi wa chambo katika vijiji vile huchokolewa na akina mama kwenye miamba siku za bamvua, bahari inapokauka kabisa. Kwa hiyo asubuhi njema ya maji mafu ilianza siku kadhaa nyuma, mkononi mwa mwanamke mwenye kijiti cha chuma, na mvuvi anayemlipa vizuri hakosi chambo. Ncha ya ndoano iwe imejitokeza. Kuificha yote ndani ya nyama ni kumpa changu sadaka.

Ukirudi kwa samaki mwenyewe pale kwenye mnada, usitosheke na macho maangavu na matamvua mekundu. Hayo kila mnunuzi anayajua, na hutofautisha samaki wa leo na wa jana tu. Unatafuta alama za mikono. Magamba yawe yamejaa ubavuni. Changu wa jarife mara nyingi ana mstari nyuma ya kichwa uzi ulipombana, na wa juya amepoteza magamba kwa kusuguana na wenzake. Wa mshipi hana sababu ya kuwa na jeraha lolote ila lile tundu moja. Akiwa nalo jingine, alirushwa mbaoni na kuachwa apigepige. Rafiki yangu alimuua kila samaki mara alipomtoa ndoano, kwa pigo moja nyuma ya macho, akamlaza chini ya gunia bichi kwenye kivuli cha tanga lililokunjwa. Barafu ingekuwa bora zaidi, na mwenye uwezo nayo asiende bila hiyo. Nyama ya samaki aliyekufa kwa kutapatapa juani hulegea mapema, ukimkaanga anamegeka, na kwenye mchuzi hupotea.

Halafu tazama kisichokuwemo kwenye mtungo. Aina kadhaa za changu huanza maisha zikiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakikua. Mvuvi anayeleta vichanga tu anaondoa mayai ambayo hayajatagwa na madume ambao hawajapata kuwako. Changu wa doa jeusi anaweza kufikia sentimita 50, ingawa wengi tunaowaona ni wa 30 au pungufu. Kama mtungo mzima ni wa urefu wa kiganja, mtu huyo hatofautishi, ijapokuwa ndoano zake zimeshika mahali pazuri. Aliyenaswa mdomoni hurudi majini akiwa na matumaini ya kuishi. Mdogo aliyemeza, ni heri uzi ukatwe karibu na mdomo kuliko kung’oa ndoano pamoja na matumbo, na niliona uzi ukikatwa hivyo bila kunung’unikia bei ya ndoano.

Mwisho, ukiweza, pita nyumbani kwa mvuvi jioni. Mshipi uliosuuzwa kwa maji ya kisima na kuzungushwa kwenye kibao chake, umetundikwa ndani mbali na jua, utadumu. Jua huila nailoni kimyakimya, ikawa ngumu na ya kukatika. Ndoano zikaushwe, zipakwe mafuta kidogo, zichomekwe kwenye kipande cha ndara kuukuu kwa kufuata namba, ili asubuhi gizani mkono uzipate bila taa. Ukikuta hivyo, mwambie akuwekee samaki wa kesho, na bei atakayotaja usiipunguze sana.