Mwandishi wa Koboko Aliyetungwa London

Kitabu The Collected Bulletins of President Idi Amin kilipotoka London mwaka 1974, jalada lake lilidai kwamba mwenye maneno ni rais wa Uganda, na kwamba Alan Coren wa jarida la Punch alikuwa karani tu, aliyeandika neno kwa neno alichotamkiwa. Karani ndiye aliyekuwa mwandishi, na mwandishi hakuwapo. Mwaka uliofuata ikatoka juzuu ya pili, pamoja na santuri ambamo mchekeshaji John Bird aliigiza sauti ya mtu huyohuyo. Hivyo katika muda mfupi Amin, Mkakwa wa Koboko, alijipatia, bila kushika kalamu, safu katika Punch, vitabu viwili na santuri. Watunzi wengi wa riwaya za bei rahisi wamekesha miaka wasifike hapo. Hoja yangu ni kwamba mwandishi huyo wa kubuni alitengenezwa kwa ufundi uliokosea mahali pa kutafuta kichekesho, na kosa hilo linaonekana wazi ukiyatazama maneno yake kutoka kilima cha Arua, upande wa kwao Amin.

Ufundi wenyewe ni wa tahajia. Chukua neno la Kiingereza what, ambalo Coren huliandika wot. Waingereza wengi wa kusini, profesa kwa kuli, hulitamka hivyohivyo, kwa hiyo tahajia hiyo haimwambii msomaji chochote kuhusu sauti. Inashusha cheo cha msemaji, basi. The nayo imekuwa de, kama ilivyokuwa katika hadithi za mashamba ya watumwa ya Georgia, Marekani, ambazo Joel Chandler Harris alizichapisha mwaka 1880 kwa jina la Mjomba Remus. Mtu atapinga: je, si kweli kwamba Waganda wengi, na Wanubi hasa, huitamka th kama d? Huenda. Ila Kinubi, ambacho husikika Arua, Koboko, Bombo hadi Kibra, kina de yake halisi, yenye kazi inayokaribiana na ya the, nayo hukaa nyuma ya nomino: ragi de, mtu huyo. Sikio lililowahi kukaa sokoni Arua, mahali ambapo salamu inaweza kuanza kwa Kilugbara na bei ikamalizikia kwa Kiswahili au Kilingala, lingeiweka de nyuma. Coren aliiweka mbele kwa sababu aliitoa rafuni. Wala hakuhitaji kubahatisha sana: Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946, jeshi la amri za Kiswahili, na mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kiingereza chake kingekuwa na kambi ya jeshi ndani yake. Kile cha Punch kina shamba la pamba la Georgia.

Sasa linganisha na telegramu zilizotoka kweli Kampala. Julai 1973 Amin alimtakia Richard Nixon nafuu ya haraka kutokana na Watergate. Desemba, Uingereza ikiwa taabani kwa uhaba wa nishati, alianzisha mfuko wa kuiokoa, akachangia shilingi 10,000 kutoka akiba yake. Punde akaiarifu London kwamba watu wa Kigezi wametoa lori zima la mboga na ngano, basi iletwe ndege kabla hazijaoza. Hapa hakuna neno lililopindwa. Sarufi ni ya karani mwenye adabu zake, na kinachochekesha ni sauti ya mfadhili anayemhurumia maskini, inayorudishwa kwa mwenyewe aliyezoea kuitoa. Kwa ufundi mtupu, Amin wa telegramu alimshinda Amin wa Punch, maana yeye aliweka upuuzi ndani ya maana na kuiacha tahajia ipumzike. Kumkubalia hilo si kumsafisha.

Kwa kuwa damu ilikuwa ikimwagika. Katika matangazo ya Coren mauaji hupita katikati ya sentensi kama chumvi ya kichekesho, na wanaouawa aghalabu hawana majina. Machi 1974, mwaka uleule wa kitabu, maiti ya Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ilikutwa mtoni Nile. Mwezi huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa wa Koboko, alikufa katika uasi ulioshindwa. Mwandishi wa kubuni mwenye lafudhi ya Georgia hakuwa na namna ya kuwafahamu wawili hawa, ingawa walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Zipo hoja za utetezi. Ya kwanza, kwamba zama zile kila mtu aliandika hivyo. Lakini wachapishaji wa Marekani walikikataa kitabu kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na hawakuwa watu wa zama nyingine. Ya pili ni nzito zaidi: kumcheka dikteta ni silaha. Naam, ni silaha, nayo hupimwa kwa umbali wa anayeishika. Byron Kawadwa, aliyesema ya watawala kwa fumbo la jogoo katika tamthilia yake ya Kiganda Oluyimba lwa Wankoko, aliuawa mwaka 1977 baada ya kuipeleka kwenye tamasha la Lagos. Na tusijione watakatifu. Nyani haoni kundule, na wachekeshaji wetu wa Kiswahili wamekula miaka mingi kwa kumpindia ulimi Mhindi wa dukani.

Imeripotiwa kwamba baada ya majeshi ya Tanzania kuingia Kampala Aprili 1979, nakala ya kitabu cha Coren ilikutwa kando ya kitanda cha Amin. Anayetaka ataiona habari hiyo kama ushindi wa mcheshi. Mimi naona msomaji aliyeweza kulala salama na kitabu chake pembeni, kwani mle alikuwa akidaiwa sarufi, na hakuna aliyemuuliza habari za Ondoga.