Hatua 128 Mbele ya Faili la Biti 24

Katika studio ya kompyuta, sauti na amri za mwanamuziki huingia ndani ya programu kwa njia mbili ambazo hazikubuniwa pamoja wala hazilingani kwa uwezo. Ya kwanza ni faili la sauti, linaloweza kuhifadhi tofauti ndogo kuliko zile ambazo sikio huzitambua. Ya pili ni kidhibiti, yaani kifaa chenye vitufe vya kuzungusha, vitelezi na vibonyezo vya kinanda, ambacho chenyewe hakitoi sauti bali hupeleka taarifa za kilichofanywa na mkono. Na taarifa hizo, katika vifaa vingi, hukatwa katika hatua 128 tu. Sehemu kubwa ya kazi ya programu ya muziki, ambayo msikilizaji haioni, ni kuziba pengo lililopo kati ya njia hizo mbili.

Umbizo la WAV, lililotolewa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka 1991, limejengwa kwa vipande vinavyofuatana, kila kimoja kikitanguliwa na jina la herufi nne na namba inayotaja ukubwa wake kwa baiti. Kipande kimoja hueleza idadi ya chaneli, idadi ya sampuli kwa sekunde na idadi ya biti katika kila sampuli, na kingine hubeba sampuli zenyewe, yaani vipimo vya wimbi la sauti vilivyochukuliwa kwa vipindi vilivyo sawa, mara 44,100 kwa sekunde katika kiwango cha CD. Sampuli ya biti 16 huweza kuwa na thamani yoyote kati ya 65,536, na ile ya biti 24 ina thamani zaidi ya milioni 16. Programu isiyokifahamu kipande fulani hukiruka kwa kuusoma ukubwa wake, na ndiyo maana umbizo hilo limeweza kuongezewa mambo mapya bila kuziharibia kazi programu za zamani. Udhaifu wake uko katika namba hiyo hiyo ya ukubwa, ambayo ina biti 32 na kwa hiyo haiwezi kutaja zaidi ya gigabaiti 4 hivi: rekodi ya chaneli mbili yenye biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde hutumia baiti 576,000 kila sekunde, ikafika ukomo baada ya saa mbili na dakika chache. Ama MP3, inayopunguza ukubwa kwa kutupa yale ambayo sikio halitarajiwi kuyasikia, inafaa kusambazia wimbo uliokamilika kuliko kuutengenezea.

Upande wa mkono una historia nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith na Chet Wood wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani waliwasilisha pendekezo la namna moja ya kuunganisha vinanda vya elektroniki, na mazungumzo na kampuni za Japani, hasa Roland iliyoongozwa na Ikutaro Kakehashi, yakazaa MIDI. Januari 1983, katika maonyesho ya NAMM, kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa na Jupiter-6 cha Roland, vikapiga pamoja. Lengo lilikuwa urahisi wa bei: waya mmoja, soketi ya pini tano, na kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, ambayo hupatikana kwa kugawanya saa ya megahezi 1 kwa 32.

Ufinyu wa hatua 128 unatokana na jinsi baiti zilivyogawanywa kazi. Biti ya kwanza ya kila baiti huonyesha kama baiti hiyo ni amri au ni thamani, hivyo biti saba tu ndizo zinazobaki kubeba namba. Uamuzi huo haukuwa wa kizembe, kwa kuwa kifaa kilichopoteza baiti moja njiani hungoja amri inayofuata kisha kikaendelea bila kuvuruga wimbo mzima. Ujumbe wa kitufe cha kuzungusha una baiti tatu, yaani amri pamoja na chaneli, namba ya kidhibiti, na thamani, na kwenye waya huchukua karibu milisekunde moja.

Kwa sauti ya jumla ya ala, hatua hizo hutosha. Kwa kichujio, yaani sehemu inayokata masafa ya juu ya sauti, hazitoshi. Kitufe kinapotakiwa kukipitisha kichujio katika oktavu kumi, kuanzia hezi 20 hadi 20,480, nusu toni 120 hugawanywa katika hatua 127, na kila hatua ikawa karibu nusu toni nzima. Kichujio kikiwa kimewekwa kuvuma kwa nguvu, sikio husikia ngazi mahali lilipotarajia mteremko.

Waundaji wa MIDI waliliona tatizo hilo mapema, wakaruhusu vidhibiti namba 0 hadi 31 viongezewe wenzao namba 32 hadi 63, ili thamani iwe na biti 14 na hatua 16,384. Hata hivyo sehemu hizo mbili husafiri katika ujumbe tofauti, na ile kubwa ikipokewa, ile ndogo hurudishwa kwenye sifuri. Mkono unaposhuka kutoka 64 na 0 hadi 63 na 127, ambayo ni hatua ndogo kabisa, mpokeaji hupita kwanza kwenye 63 na 0, thamani ikaanguka kwa hatua kubwa nzima kabla ya kurekebishwa. Ujumbe wa kupinda kimo cha sauti hauna kasoro hiyo, kwa sababu hubeba sehemu zote mbili kwa pamoja, na hiyo ni sababu nzuri ya itifaki ya Mackie Control kuutumia kwa vitelezi vya mixa, kila kitelezi kikiwa na chaneli yake. Matumizi hayo ni ya werevu, ingawa yanauchukua ujumbe uliokusudiwa kazi nyingine. Katika kazi yake ya asili ujumbe huo una ukomo wake, kwani hupinda noti zote za chaneli: mpiga kinanda wa taarabu anayetaka kuifuata ganuni katika robo toni ya maqamu ya Rast anaweza kutuma thamani 6,144 badala ya 8,192 ya katikati, ikiwa upeo ni toni moja kila upande, lakini kila noti inayolia katika chaneli hiyo itashuka pamoja na ile aliyoikusudia.

Dawa iliyozoeleka zaidi imewekwa ndani ya programu. Thamani mpya ikipokewa, programu haiirukii bali huisogelea kidogo kidogo; ikitumia milisekunde 10, katika sampuli 44,100 kwa sekunde hatua moja ya kitufe hugawanywa katika vituo 441. Muda ukirefushwa, ngazi hulainika zaidi lakini kichujio huchelewa kuufuata mkono, na mpigaji anayetaka kukifunga ghafla hukiona kizito.

MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, inavipa vidhibiti biti 32, na imeweka namna ya kuzipanua thamani za zamani ili 0, 64 na 127 ziangukie chini kabisa, katikati na juu kabisa. Upanuzi huo hauongezi hatua yoyote: kitufe kinachotuma biti saba hubaki na vituo 128, vilivyotandazwa katika uwanja wenye thamani zaidi ya bilioni 4, na programu hulazimika kuendelea kulainisha nafasi zilizo kati ya kituo na kituo.