Kulala na Kona

Watu wakimkumbuka Marco Simoncelli huanza na nywele. Zilikuwa nyingi, za msokoto, zimetimka pande zote, hata ukimwona anavaa helmeti unajiuliza zitaingiaje humo ndani. Mimi huanza na miguu. Alikuwa na urefu wa sentimita 183 katika mbio za pikipiki, mchezo unaowapendelea watu wafupi na wepesi. Mpinzani wake Dani Pedrosa ana kama sentimita 160 tu. Pikipiki ya mashindano hutengenezwa ili mtu ajifiche nyuma ya kioo chake, kidevu juu ya tangi, viwiko vimebanwa, upepo upite juu ya mgongo. Simoncelli hakuwa na pa kujificha. Magoti yalitokeza, mabega yalitokeza, na penye barabara iliyonyooka kila kilichotokeza kilivutwa nyuma na upepo. Mtu aliyemwona anarefuka akiwa kijana angekuwa na haki ya kumshauri atafute mchezo mwingine.

Nataka kumsifu kwa namna ambayo wanamichezo waliokufa vijana hawasifiwi mara nyingi: kama fundi. Alipofariki tarehe 23 Oktoba 2011, akiwa na miaka 24, yalisemwa yale yanayosemwa katika kila msiba wa aina hii, kwamba amekufa akifanya alichokipenda, kwamba alikuwa na moyo wa simba. Huenda alikuwa nao. Lakini moyo wa simba haupitishi kwenye kona mashine yenye nguvu farasi zaidi ya 200. Anayeipitisha ni mtu aliyefundishwa, akarudia, akaanguka, akarudia tena.

Alizaliwa Cattolica mwaka 1987, akakulia Coriano, mji mdogo wa vilimani nyuma ya Rimini, katika eneo la Romagna nchini Italia. Pande zile pikipiki ni sehemu ya maisha ya kawaida. Pesaro kuna kampuni ya pikipiki ya Benelli, Rimini kuna Bimota, uwanja wa mbio wa Misano upo jirani, na Tavullia, kijiji cha mwendeshaji Valentino Rossi, si mbali. Watoto huanza na minimoto, vipikipiki visivyofika hata kiunoni mwa mtu mzima, kwenye viwanja vidogo vya lami. Vinachekesha ukiviona, lakini ni shule kali. Injini zake hazina nguvu ya kukusamehe: ukipoteza mwendo kwenye kona, hutaupata tena mpaka mwisho wa mzunguko. Kwa hiyo mtoto anajifunza mapema kwamba mbio hazishindwi penye barabara iliyonyooka. Marco alikuwa bingwa wa Italia wa minimoto mwaka 1999 na tena 2000. Mwaka 2002 alichukua ubingwa wa Ulaya wa cc 125, na mwaka huohuo akaonekana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia.

Tazama kona moja tu. Mwendeshaji anafika mwisho wa barabara iliyonyooka akiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Anainuka kutoka nyuma ya kioo, kifua kinapokea upepo, vidole viwili vinaikamata breki ya mbele. Karibu uzito wote, wa mtu na wa mashine, unahamia gurudumu la mbele. La nyuma linaelea, wakati mwingine haligusi chini kabisa. Huku akishusha gia moja baada ya nyingine, anahamisha makalio kutoka kwenye kiti kwenda upande wa ndani wa kona. Aliyewahi kutazama mashindano ya majahazi ya Lamu ameshaona kitu cha ukoo huu: vijana wanaparamia ubao uliotokezwa upande wa upepo, miili ikining'inia juu ya maji, ili chombo kisilale mno. Hapa pia mwili ndio uzito unaochezwa nao. Ukining'inia upande wa ndani, pikipiki inapita kona ileile, kwa kasi ileile, ikiwa imelala kidogo kuliko ambavyo ingelala kama ungebaki umekaa wima.

Halafu anausukuma usukani kinyume. Wengi hudhani pikipiki hugeuzwa kwa kuuelekeza usukani kule unakokwenda. Kwa mwendo wa pole, ndiyo. Kwa kasi, ukitaka kwenda kushoto unausukuma mkono wa kushoto mbele: gurudumu linaelekea kulia kidogo sana, pikipiki inalala kushoto, na kulala huko ndiko kunakoigeuza. Kila mwendesha bodaboda anayetoka Mbezi kwenda Posta hufanya hivyo kutwa nzima bila kuelezwa na mtu. Tofauti ni kiasi. Yeye hulala kidogo; Simoncelli na wenzake walilala karibu nyuzi 60 kutoka wima, goti likikwaruza lami.

Na breki haiachwi ghafla. Kadiri pikipiki inavyolala ndivyo vidole vinavyolegea, taratibu, kwa sababu tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huohuo ndio unaogawanywa kati ya kusimamisha na kugeuza. Ukidai vyote viwili kwa ukamilifu, tairi linaachia. Sehemu inayogusa lami haizidi sana upana wa kiganja. Juu ya kiganja hicho mtu anakaa na kusikiliza. Watazamaji huona goti lililoshushwa wakalidhania pambo, kumbe goti ni kipimo, linamwambia mwendeshaji amelala kiasi gani. Ni mkongojo pia. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, mwendeshaji hodari hulikandamiza goti chini, siku hizi hata kiwiko, akaibeba pikipiki kwa sehemu ya sekunde mpaka tairi lishike tena. Kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Runinga hurudia tukio hilo polepole na watu hushika vichwa. Kwangu mimi hakuna jambo kubwa zaidi katika ufundi huu: mwili unaamua, kabla akili haijapata hata nafasi ya kuogopa, kwamba hauachii.

Simoncelli hakuzaliwa na ufundi huo. Ushindi wake wa kwanza wa dunia ulikuja Jerez mwaka 2004, kwenye cc 125, siku ya mvua, na mvua ni mtihani wa mkono mwepesi. Alipopanda daraja la cc 250 na kampuni ya Gilera mwaka 2006 alikaa misimu miwili mizima bila kushinda. Misimu miwili ni mingi katika mchezo ambao mdhamini huhesabu pointi kila Jumatatu. Wapo waliokwisha kumwandika kama mrefu mmoja tu mwenye nywele za kuchekesha. Kisha 2008 kitu kikakaa sawa. Alishinda Mugello, akashinda tena na tena, mara sita mwaka ule, na mwezi Oktoba, Sepang nchini Malaysia, akatawazwa bingwa wa dunia wa daraja hilo. Urefu uliokuwa kasoro ulikuwa umegeuzwa chombo: mikono mirefu inavuta na kusukuma kwa nguvu zaidi, na mwili mrefu ukining'inizwa nje una uzito wa kuchezea ambao mfupi hana. Penye barabara iliyonyooka aliendelea kupoteza. Penye breki alijilipa.

Alijilipa kupita kiasi, wengine walisema, na hawakukosea kabisa. Mwaka 2011, msimu wake wa pili katika daraja la juu la MotoGP akiwa na Honda ya timu ya Fausto Gresini, alikuwa na kasi ya kuwatisha wakubwa na tabia ya kuitupa mbali. Jerez alianguka akiongoza. Estoril alianguka kwenye mzunguko wa kwanza. Le Mans aligongana na Pedrosa, Pedrosa akavunjika mtulinga, naye akapewa adhabu katikati ya mbio. Catalunya na Assen alikuwa na muda bora kuliko wote kwenye kufuzu. Assen akaanguka mapema na kumwangusha Jorge Lorenzo pamoja naye. Lorenzo alikuwa ameshalalamika hadharani kuhusu uendeshaji wake, na Simoncelli, mbele ya waandishi wa habari, akajibu kwa mzaha kwamba basi atakamatwa. Ukumbi ukacheka. Lorenzo hakucheka, na mimi nikilitazama tukio hilo leo nipo upande wa Lorenzo. Mzaha ule haukuwa jibu.

Lakini tazama kilichofuata. Mwezi Agosti, Brno, alimaliza wa tatu na kupanda jukwaa la MotoGP kwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Oktoba, Phillip Island, Australia, alimaliza wa pili nyuma ya Casey Stoner, ambaye siku hiyo alichukua ubingwa wa dunia mbele ya watu wa kwao. Kijana alikuwa anajifunza sehemu ya ufundi inayochelewa kuliko zote, ile ya kujua kona ipi si ya kupigania. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Sepang, mzunguko wa pili. Alikuwa wa nne, akipambana na Álvaro Bautista. Kwenye kona ya 11, ya kulia, gurudumu la mbele liliteleza. Kwa kawaida hapo habari huisha kwa vumbi na hasira: pikipiki inalala kabisa, inateleza kwenda nje ya kona, na mtu anateleza nyuma yake mpaka kwenye changarawe. Anasimama, anajikung'uta, anarudi gereji kwa miguu. Viwanja vya kisasa vimejengwa kwa ajili hiyo, na mavazi ya ngozi yameshonwa kwa ajili hiyo. Kuanguka ni sehemu ya kazi. Safari hii pikipiki haikwenda nje. Simoncelli alikuwa bado ameishika, tairi likapata mshiko upya, na mashine ikakata kuelekea ndani, ikavuka barabara mbele ya waliokuwa wanakuja. Colin Edwards na Valentino Rossi hawakuwa na pa kupita, wakamgonga. Helmeti ilimtoka Simoncelli. Mbio zilisimamishwa, kisha zikafutwa.

Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2010, Shoya Tomizawa wa Japani, mwenye miaka 19, aliyeshinda mbio za kwanza kabisa za daraja la Moto2, alikufa Misano kwa namna ya jirani na hiyo: alianguka, akagongwa na waliomfuata. Uzio umesogezwa mbali, kuta zimevunjwa, changarawe zimemwagwa, lakini mwenzako anayekufuata kwa nyuma hawezi kusogezwa popote.

Wapo wanaouliza ingekuwaje kama Simoncelli angeachia. Siwalaumu, ila swali hilo linamtaka awe mtu mwingine. Maisha yake yote, tangu vile vipikipiki vya utotoni, mwili wake ulifunzwa jibu moja kwa gurudumu linaloteleza. Jibu hilo ndilo tulilokuwa tukilishangilia. Siwezi kulisifu Jumapili hii nikaliita kosa Jumapili ijayo, kwa sababu tu lami ilijibu tofauti.

Rossi alikuwa rafiki yake na mwenzake wa mazoezi. Sijui kama kuna adhabu nzito kuliko hiyo, na sitaki kuiandikia zaidi ya hapa.

Wiki mbili baada ya Sepang, huko Valencia, kabla ya mbio za mwisho za msimu, hapakuwa na dakika ya kimya. Baba yake, Paolo, alitaka dakika ya kelele. Waendeshaji wa madaraja yote walizunguka uwanja, bingwa wa zamani Kevin Schwantz akiwa mbele juu ya pikipiki ya Marco yenye namba 58, kisha injini zikaunguruma na fataki zikapasuka. Nilipenda uamuzi ule. Kimya kingemfaa mtu mwingine. Pamoja na hayo, kila nikiikumbuka dakika ile nakumbuka pia vijana wetu wanaokufa kwenye barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wakimwahisha abiria kazini, ambao hawapati dakika yoyote. Nao wana ufundi. Wengi wao hawana helmeti ya maana.

Uwanja wa Misano sasa una jina la Simoncelli, na namba 58 iliondolewa rasmi katika MotoGP mwaka 2016. Coriano kuna sanamu ya bomba la moshi linalotapika moto kwa sekunde 58 kila Jumapili. Hizo ni heshima nzuri, lakini iliyonigusa ni ya Paolo. Mzee angeweza kuuchukia mchezo, na nani angemlaumu? Badala yake alianzisha timu, akaiita SIC58 kwa jina la utani la mwanawe na namba yake, na akaanza kuchukua vijana wadogo, wa umri ule ambao Marco alikuwa anaanguka kila wiki. Mwaka 2017 timu iliingia daraja la Moto3 la dunia. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 2019, mikononi mwa Niccolò Antonelli, na ulikuja Jerez, palepale Marco aliposhinda kwa mara ya kwanza miaka 15 kabla. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Misano, mbele ya watu wa Romagna, Mjapani Tatsuki Suzuki aliipa timu ushindi mwingine. Moto3 ni mbio za kundi: pikipiki kumi na zaidi zinafika kwenye breki kwa pamoja, kiwiko kwa kiwiko, na anayefunga breki mapema hupitwa na wanne kwa mpigo. Paolo husimama ukingoni mwa barabara, mvi zimetimka kama nywele za mwanawe, akiwatazama watoto wa watu wakichelewa kufunga breki, na wakikosea huwafokea.