Zawadi ya Mtu wa Bustani Hutazamwa Maungioni

Zawadi ya mtu wa bustani haikai kabatini. Itaingia udongoni, italowa, itaanikwa juani, itagonga jiwe, na kabla ya masika kwisha itakuwa imejulikana kama ni kifaa cha kazi au ni rangi tu. Ndiyo maana msimu wa sikukuu, maduka ya pembejeo yanapotundika majembe mekundu na makopo ya kijani mlangoni, mnunuzi asiyelima hupata shida. Vyote vinang'aa, na bei haimwambii kitu.

Nashika kanuni moja, na bado sijakutana na kifaa wala mche ulioikataa: tazama mahali vitu viwili vinapokutana. Jembe halivunjiki katikati ya bamba, huvunjikia shingoni. Kopo la kumwagilia huvuja pale mrija ulipolehemiwa. Mwembe wa kubebeshwa unaweza kuwa na majani ya kupendeza huku ukifa taratibu pale kikonyo kilipofungwa kwenye shina. Fundi mvivu huficha uvivu wake maungioni, na fundi hodari huko ndiko anakomalizia muda wake.

Tuanze na jembe, maana hakuna zawadi ya bustani inayonunuliwa vibaya kuliko hiyo. Mwenye matuta ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba atashukuru kupata jembe jema moja kuliko boksi la vijembe vya plastiki lenye utepe. Jembe jema la kiwandani limefuliwa kwa kipande kimoja. Chuma chake ni kinene karibu na tundu la mpini, kisha hupungua taratibu hadi kwenye makali. Pitisha kidole gumba ndani ya tundu; ukigusa ufa, au mshono wa bati lililokunjwa, lirudishe. Kisha lining'inize kwa kamba uligonge kwa sarafu. Chuma kizima hulia na mlio wake hukaa, chenye ufa hutoa sauti inayokufa palepale. Mwombe muuzaji tupa, ukwaruze makali kidogo. Tupa ikizama kwa urahisi, chuma ni laini na makali yatajikunja kwenye changarawe ya kwanza. Ikiteleza bila kuuma kabisa, chuma ni kigumu mno na makali yatamegeka. Unalotaka ni lile ambalo tupa inaliuma, lakini kwa kulilazimisha.

Wengi huamini kuwa jembe la kiwanda halina budi kuwa bora kuliko la fundi wa mtaani. Sikubali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, na wenzao walio kwenye maeneo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, huko Tanzania, hufua vifaa kutokana na chuma chakavu, na ubora hutegemea ni chakavu gani. Kilichotoka kwenye springi za lori ni chuma cha kazi, hukubali makali na kuyatunza. Kilichokatwa kwenye pipa la mafuta ni bati tu. Uliza, fundi anayeijua kazi yake atakujibu kwa fahari na pengine akuonyeshe kipande kilichobaki. Kama jembe limechomelewa, uchomeleaji uzunguke tundu lote, ufuatane sawasawa, usiwe na vishimo. Rangi ikiwa nene hapo kuliko kwingine, mimi hulipita.

Majembe mara nyingi huuzwa bila mpini, na hapo ndipo mtoa zawadi huonyesha kuwa amefikiri. Nunua mpini kando, uuchague mwenyewe. Mpera na mkwaju hutoa mipini migumu inayovumilia kishindo. Nyuzi za mti ziende kwa urefu tangu kichwani hadi mwisho. Zikitokea ubavuni, mpini utavunjikia hapo. Kifundo karibu na kichwa ni sababu tosha ya kuuacha. Mti uwe umekauka vizuri, kwa sababu mbichi hunywea na baada ya wiki chache jembe huanza kucheza. Mpini uliochongwa kwa akili huwa mnene upande wa kichwa, huingizwa kutokea juu, na kila anapolima mwenyewe jembe huzidi kujikaza. Ukiona misumari na vipande vya mpira wa gari vimepachikwa ili usichomoke, jua haukuchongwa kwa ajili ya tundu lile.

Kwa mzee aliyepungukiwa nguvu za mikono, shusha uzito. Majembe bado huitwa kwa ratili: la ratili tatu lina kilo 1.36, la ratili mbili halifiki kilo moja, na bega huijua tofauti hiyo baada ya nusu saa. Mwongezee tupa. Haina urembo wowote, lakini jembe lililonolewa humpunguzia mzee kazi kuliko jembe jipya.

Kopo la kumwagilia la fundi bati hudumu kuliko la plastiki linaloachwa juani mwaka mzima, ila likaguliwe hapohapo kwa fundi. Lijaze maji, lifute nje, uliweke juu ya gazeti huku mnazungumza bei. Gazeti likibaki kavu, endelea. Mshono mzuri umekunjwa kwanza, bati ndani ya bati, ndipo ukalehemiwa. Uliolehemiwa bila kukunjwa utaachia. Mshikio uwe umepigwa ribiti. Kisha mwagia. Kwa mtu wa vitalu, anayeotesha mbegu ndogo kama za mchicha au kabichi, kichwa cha kopo ndicho zawadi yenyewe: matundu madogo, yaliyopangwa sawa, yanayotazama juu kidogo ili maji yapande kisha yaanguke kama manyunyu. Matone makubwa hufukua mbegu na kuilaza miche michanga.

Mkasi wa kupogolea ni wa mtu mwenye waridi, michungwa au mizabibu. Uinue kwenye mwanga ukiwa umefungwa: baina ya wembe na taya pasionekane nafasi. Kata karatasi nyembamba kwa ncha, siyo kwa tumbo la wembe. Ikikunjika badala ya kukatika, na tawi bichi litapondwa vivyo hivyo, na jeraha lililopondwa hukaribisha ugonjwa. Nati ya katikati iweze kukazwa kwa mkono wa mwenye mkasi, isiwe imepigwa ribiti moja kwa moja. Kampuni ya Felco ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1945, imejijengea jina kwa jambo hilohilo: mkasi wake hufunguka wote, na wembe, springi na nati huuzwa kimoja kimoja. Kama bei ya Felco haishikiki, chukua mkasi wowote, lakini mwulize muuzaji kama wembe wake unapatikana peke yake. Akikosa jibu, unanunua mkasi wa msimu mmoja.

Sasa miche, ambako kuna udanganyifu mwingi na ambako zawadi nzuri hukaa miaka hamsini. Mpenda matunda mpe mche wa kubebeshwa. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati ulioota kwa kokwa humngojesha mwenyewe sita au zaidi, na hana hakika ya embe atakalopata. Kwa parachichi jambo hili ni zito zaidi. Hass ilianzia kwenye mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, ambaye aliusajili kwa hataza mwaka 1935. Kila Hass iliyopo duniani leo ni kikonyo cha ukoo wa mti ule. Anayekuambia mche wake wa Hass umetoka kwenye kokwa anakuuzia parachichi jingine.

Piga magoti, usiukague mche ukiwa umesimama. Tafuta ungio, shubiri moja hivi juu ya udongo. Lionekane wazi: kovu lililofunga, ganda la juu na la chini yameshikana, unene wake unakaribiana. Uvimbe mkubwa upande mmoja ni dalili kwamba kikonyo na shina havijapatana. Utepe wa plastiki ukiwa bado umebana hadi kukata ganda, mwenye kitalu hafuatilii miche yake. Tikisa ncha kwa upole huku umeshika chini ya ungio, pasicheze. Machipukizi yaliyo chini ya ungio ni ya shina la chini, yanapaswa kung'olewa mapema, na kitalu kinachoyaacha yakue kinauza miche itakayomezwa na shina lake. Majani yawe yamekomaa. Mwembe wenye majani mekundu teketeke hupendeza macho, lakini hayo hunyauka njiani kwenye buti la gari.

Kisha pindua kiriba. Mche uliokaa kitaluni kupita muda wake huzungusha mizizi chini ya kiriba, na mizizi iliyozoea kuzunguka haiachi tabia hiyo hata ikiwa shimoni. Mche mdogo wenye mizizi iliyonyooka nauchukua mbele ya mrefu uliojifunga, hata kama mpokeaji atasikitika kidogo kwa urefu wake.

Siku ya kutoa nayo ina uzito. Kwa ndugu wa Njombe, Iringa au Mbeya, Krismasi ni wakati mwafaka wa kumpa mche, mvua zikiwa zimeshaanza na zitaendelea hadi Aprili. Kwa wa Tanga, Mombasa au Moshi, vuli inaishia, na Januari na Februari zinakuja na jua kali. Mche huo utahitaji ndoo ya maji na matandazo ya nyasi hadi masika. Kama huna hakika nani atamwagilia, acha mche uendelee kukaa kitaluni, umpe sasa tupa au kopo, na mche umpelekee Machi. Wanaopeana zawadi za Idi ya Fitri wana bahati katika miaka hii: sikukuu hiyo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, masika yakibisha hodi.

Bibi au shangazi wa pwani mwenye baraza ya vyungu ana mahitaji mengine. Mpe asumini, na usichague ule uliochanua wote dukani, kwa sababu baada ya wiki utakuwa umepukutika. Chagua wenye mashina kadhaa tangu chini na vichomozo vilivyofumba. Geuza majani utazame inzi weupe na vidugamba. Wakiwepo, zawadi yako itaambukiza mrehani na mawaridi yaliyokuwa na afya. Chungu ukigonge kwa kidole, kilie, na kiwe na tundu chini. Vyungu vya Wakisi wa Matema na Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ni kazi nzuri ajabu, lakini vilifinyangwa viwe vya jikoni. Kuvitoboa ili vipandwe maua ni kumkosea mama aliyevifinyanga.

Kwa mbegu sina mengi. Nunua pakiti iliyokaa kivulini, yenye tarehe na lebo ya mamlaka, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Epuka mbegu za vitunguu zilizovuka mwaka, kwani huwahi kupoteza uhai kuliko za nyanya. Kama mpokeaji ni mtu wa kuhifadhi mbegu zake mwenyewe, usimpe chotara, kwa kuwa mazao ya mbegu zake hayatafanana na ya mwaka wa kwanza.

Imebaki zawadi ambayo wakulima wa bustani huitamani na hawapewi, kwa kuwa watu huona haya kuifunga utepe: gunia la samadi iliyoiva. Ikague bila kuona kinyaa. Inukie udongo baada ya mvua, isichome pua. Vinyesi na majani visitambulike tena. Ifinye kiganjani, ishikane, kisha iguse kwa kidole, imeguke. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Ukikuta joto, bado inaiva na itaunguza mizizi, kwa hiyo mwombe mfugaji ile iliyo chini kabisa ya lundo la mwaka jana.