Uchovu wa Mwili na Uchovu wa Moyo
Sisi husema “nimechoka” kwa mwili na kwa moyo pia. Waingereza katika mazungumzo yao huyatenga. Asemaye “knackered” amechoka mwili. Neno latokana na mtu aliyenunua farasi wakongwe ili awachinje. Asemaye “fed up” hakushiba chakula, kama wadhanivyo wafasirio neno kwa neno, bali mambo yamemfika kooni. Naye asemaye amefika mwisho wa kamba yake hujifananisha na mnyama aliyefungwa malishoni: subira yake imekwisha. Maneno haya hayafai katika barua ya heshima, lakini kuyapambanua kwafaa sana. Yule wa kwanza mpe kitanda. Hao wengine ukiwaambia walale tu, umesikia sauti yao, hukusikia shida yao.